Siku Nilipofungwa Kamba Moja na Baba Mkwe

Kwetu, mwanamume anayeomba mke hasemi. Anakaa kwenye kiti alichoonyeshwa, anaweka mikono juu ya magoti, anatazama sakafu, na mtu mwingine anamsemea. Kazi hiyo niliifanya vizuri sana. Tulitoka Beni na familia yangu mara kadhaa tukaenda Butembo kwa baba wa mchumba wangu. Msemaji wangu alisema, msemaji wao akajibu, mbuzi wa mahari wakatajwa, soda zikanywewa, na mimi sikutoa neno zaidi ya "ndiyo, Papa" na "asante, Papa". Shangazi zake walinisifu kwa adabu. Lakini jibu halikutoka. Kila mara mzee alisema wataangalia, nasi tukarudi Beni tukiendelea kuangaliwa.

Shida ilikuwa Beni yenyewe. Hakuna aliyeitaja pale sebuleni, lakini wote tuliijua. Mchumba wangu aliuza vitenge na mama yake Butembo, na mimi ninaishi Beni, ambako ninafunga paneli za jua juu ya mapaa ya watu. Akiolewa, atahamia kwangu. Na mzazi wa Butembo anayeambiwa binti yake anakwenda kuishi Beni, kwa mauaji ambayo barabara ya kwenda huko na vijiji vyake vimeyaona miaka hii, usingizi unampungukia. Sikuweza kumlaumu. Ila binti mwenyewe alikuwa akinipigia simu jioni na kuniuliza kama nataka aje akiwa na mvi.

Msemaji wangu alikuwa rafiki yangu wa miaka mingi, Mwislamu, mtoto wa watu wa magari ya mizigo pale Beni. Wajomba zangu Wakatoliki walinung'unika kidogo kwamba nimechukua mtu wa msikiti kuniombea mke wa kanisani, mpaka walipomsikia akizungumza. Ana mdomo ambao ungeweza kuuza mwavuli wakati wa kiangazi. Huyo huyo ndiye aliyenifundisha kupanda miamba. Zamani alibeba mizigo ya wageni waliokuja kupanda Ruwenzori, na walipoondoka walimwachia kamba, kofia ngumu, mikanda ya kiuno, na fungu la vyuma vidogo vya kubana ndani ya nyufa za jiwe, ambavyo anaviita kwa Kifaransa coinceurs. Siku za mapumziko tulikuwa tunatafuta mwamba mahali palipotulia, tunapanda, tunashuka, tunakula mishikaki, tunarudi nyumbani tukiwa na vidole vilivyochubuka na furaha tele. Sikuwahi kufikiri mchezo huo ungenifikisha kwa padri.

Mzee alipata habari. Sijui nani alimwambia. Tulipokuwa tukiagana mlangoni, alimgeukia msemaji wangu, akiwa ananipita mimi kwa macho, akasema:

"Nasikia huyu kijana anapandaka mawe na kamba. Umuambie nataka kuona."

"Kuona, Papa, ao kupanda?"

"Mutu anaonaka namna gani akiwa chini?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mzee huyo alizaliwa Luofu, kwenye vilima vya viazi, na ingawa amezeeka katika duka la vipuri vya pikipiki mjini, miguu yake ilibaki ya kule. Jambo moja zaidi kumhusu: haachi chuma chini. Dukani kwake ukiangusha skrubu, biashara yote inasimama mpaka ipatikane. Anaiokota, anaipuliza vumbi, anaitia mfukoni, halafu ndipo anakusikiliza. Nilimpenda kwa hilo. Fundi yeyote angempenda.

Tulimfundisha mambo ya mwanzo kwenye ukuta wa machimbo ya mawe yaliyoachwa, na akashika haraka kuliko nilivyoshika mimi. Jiwe lenyewe tulilolichagua liko nje ya Butembo, unafika kwa pikipiki kabla jua halijakolea. Halitishi sana, lakini ni refu kuliko kamba, kwa hiyo linapandwa kwa vipande vitatu. Wa kwanza anapanda akibana vyuma katika nyufa na kupitisha kamba yake ndani yake, ili akiteleza asianguke mbali. Akifika mahali pa kusimama, anajifunga kwenye jiwe na kumvuta anayefuata. Vyuma vinabaki mahali pake mpaka mtu wa mwisho apite, na ni yeye peke yake anayevitoa.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa nani afuate nani, nao tulikuwa nao bado tuko chini. Mimi sikuweza kupita mbele ya baba mkwe. Nani amewahi kuweka nyayo zake juu ya kichwa cha mtu anayemwomba binti? Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi.

"Donc, basi, mimi nitakuwa wa kwanza," alisema. "Mimi siombi mutu bibi. Papa katikati, weye chini kabisa, utaangalia viatu vya bokilo yako mpaka juu."

Bokilo ni mkwe, na neno hilo alilitamka kwa raha kubwa. Tukajifunga: kamba moja kutoka kwake hadi kwa mzee, nyingine kutoka kwa mzee hadi kwangu. Mzee alikuwa amevaa suruali ya kitambaa yenye mikunjo iliyopigwa pasi.

Kipande cha kwanza kilituonyesha kwamba tumepanda na sebule yote. Rafiki yangu alikuwa amekaa juu, nyuma ya uvimbe wa jiwe, hamwoni mzee. Mimi niliyekuwa chini nilimwona vizuri, na niliona kwamba mguu wake wa kulia unatafuta mahali palipo laini wakati shimo zuri liko karibu na goti lake. Mtu mwingine yeyote ningemwambia. Lakini mimi sikuwa na ruhusa ya kumwamuru mzee yule aweke mguu wapi. Nikapaza sauti kumwita msemaji wangu.

"Umuambie Papa, kama anaona vizuri, mguu ya kuume inaweza kupanda kidogo."

"Papa," ikashuka sauti kutoka juu, "kijana anasema mguu ya kuume ipande kidogo."

Mzee alikuwa katikati yetu. Alinisikia mara ya kwanza, wazi kabisa. Lakini hakuusogeza mguu mpaka neno lilipopanda kwa rafiki yangu na kurudi kwake kwa njia yake ya halali. Ndipo akaupandisha, akasimama, akapumua.

"Umuambie namushukuru," alisema kuelekea juu.

"Anakushukuru," rafiki yangu akaniambia.

"Umuambie hakuna shida."

Tulipanda hivyo kipande kizima. Kulikuwa na mbuzi kwenye mteremko wa pembeni, na nadhani hata wao walituchoka. Mimi nilikuwa na furaha ya kijinga. Jua lilikuwa jipya, jiwe lilikuwa kavu, mchumba wangu alikuwa akijua mahali nilipo na nipo na nani, na baba yake alikuwa anapanda vizuri kweli, taratibu, kwa kutumia miguu, bila kujikaza mikono kama wanavyofanya vijana.

Mwisho wa kipande cha pili pana ukingo wenye upana wa benchi la kanisani. Hapo tulipumzika, kisha rafiki yangu akaondoka kuanza kipande cha mwisho, nami nikabaki nikimpa kamba kidogo kidogo. Alienda upande wa kulia kwa kufuata ufa mmoja uliolala, akibana chuma hapa na pale, kisha akapanda moja kwa moja akavuka ukingo wa juu na kupotea. Upepo ulianza. Tukabaki wawili, bega kwa bega, mgongo kwenye jiwe, bila msemaji.

Sikuwahi kukaa karibu na mzee yule kiasi hicho. Alitoa mfukoni viazi vya kuchemsha vilivyofungwa katika karatasi, akanipa kimoja. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye kamba, nikakipokea kwa ule mwingine na kuinamisha kichwa, kwa sababu mikono miwili isingewezekana.

"Asante, Papa."

Alitafuna polepole akitazama mashamba. Kisha akanitazama mimi, na akaendelea kunitazama, kama mtu aliyekuja kwenye dirisha la ofisi na anasubiri karani ainue uso. Nilijua anangoja niseme kitu. Nilikuwa na maneno ya miezi, nilikuwa nimeyapanga nikiwa juu ya mapaa ya watu wa Beni. Nampenda binti yako. Nitamtunza. Sema ndiyo, Papa, tafadhali, tumechoka kungoja. Nikayameza yote pamoja na kiazi.

"Viazi ni vizuri, Papa," nilisema.

"Ni vya Luofu," alijibu, akageukia mashamba yake.

Ningejipiga kibao kama si ile kamba mkononi.

Zamu yake ilipofika, kamba ya mbele ilikaza, akaanza kuufuata ule ufa uliolala. Hapa niseme kwa nini vyuma vya sehemu hiyo vilikuwa muhimu. Unapopanda wima, anayekushika yuko juu yako, ukiteleza unaning'inia hapo hapo. Lakini unapokwenda pembeni, ni vyuma tu vinavyokuzuia usirushwe upande mwingine. Mzee alitakiwa, kila afikapo kwenye chuma, atoe kamba yake na kuingiza yangu, kisha apite na kukiacha chuma pale pale kwa ajili yangu. Tulimwonyesha hivyo kule machimboni, naye aliitikia. Na vipande viwili vya chini alifanya hivyo bila kosa.

Alifika kwenye chuma cha kwanza. Akatoa kamba yake. Akakitazama. Ufa ulikuwa na udongo, na chuma kilikuwa kimekaa pale peke yake, king'aavu, mahali pasipo na mtu. Nadhani hapo ndipo duka lilipomwingia. Akakitikisa, kikatoka, akakipuliza vumbi, akakining'iniza kwenye mkanda wake.

"Papa," nilisema.

"Iko nini?"

"Hapana, Papa, samahani. Pole na kazi."

"Asante."

Nilimwita msemaji wangu. Upepo ulichukua sauti yangu na kuipeleka Uganda. Nikaita tena, na jibu halikuja. Mzee alikuwa ameshafika kwenye chuma cha pili. Nilijikaza, nikakohoa, nikaanza sentensi ndefu yenye "kama hutajali" na "si kwamba nakufundisha", na kabla sijafika kwenye kitenzi, chuma kilikuwa kimeshapulizwa vumbi. Kisha cha tatu. Alipofika mwisho wa ufa alinigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona meno yake. Alipiga mkanda wake, vyuma vikalia.

"Usihangaike. Nimekutolea yote. Hakuna kitu imebakia."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia:

"Asante sana, Papa."

Alipanda, akavuka ukingo, kamba yangu ikakaza. Nikabaki na ufa mtupu. Niliogopa, na sikuwa na mtu wa kumdanganya kwamba siogopi. Niliondoka kwenye ukingo nikiwa nimeng'ang'ania kila kilichokuwepo, nikavuka nusu ya njia vizuri, hata nikaanza kujipongeza. Hapo kiatu kiliteleza kwenye udongo.

Nilikwenda kama ndoo ya kisimani iliyopigwa teke. Jiwe lilipita mbele ya pua yangu, kiwiko kikakwaruzika, kisha nikawa nazunguka taratibu hewani, huku chini yangu kukiwa na mashamba ya maharagwe mazuri sana. Sikuwa nimeumia. Rafiki yangu alikuwa amenishika barabara, niliweza kuhisi kamba imetulia. Hatari ilikuwa imekwisha.

Kisha vijiwe vikaanza kunidondokea. Nikatazama juu, nikaona ncha za viatu vya mzee zimetokeza kwenye ukingo. Alikuwa ameinama, ameishika kamba yangu kwa mikono yote miwili, na alikuwa anajaribu kunivuta kama mtu anayetoa gunia kwenye shimo. Kamba yake mwenyewe ilikuwa imelegea nyuma yake. Jiwe lile la ukingoni lilikuwa na changarawe. Nilimwona anateleza kidogo, anajirudisha, anavuta tena.

"Acha kamba!" nilipiga kelele. "Acha! Rudi nyuma! Keti chini! Weye, keti chini sasa hivi!"

Sikusema Papa. Sikusema samahani. Nilimwita weye kama unavyomwita utingo anayetaka kuruka kabla gari halijasimama. Viatu vilisimama, kisha vikatoweka.

Nilining'inia nikitazama ukingo mtupu. Basi, nikawaza, mambo yamekwisha. Nimemkemea baba wa mchumba wangu nikiwa chini ya miguu yake, na bila shaka ataondoka kwa heshima zake, na ataomba mbuzi wetu waliotajwa wasitajwe tena. Nilimwona mchumba wangu akipima vitenge mpaka uzeeni. Iliniuma kuliko kiwiko. Lakini nilishukuru kwamba ameketi, na hilo nalo nilikuwa nalo moyoni, wazi kama lile lingine.

Kulikuwa na ufa wa wima juu yangu, mzuri, na niliupanda kwa hasira ya kujikasirikia. Nilipovuka ukingo nilikuta rafiki yangu amejifunga kwenye jiwe, uso umempauka, na mzee ameketi chini kama nilivyomwamuru, miguu imenyooshwa, suruali imechanika gotini. Nyuma yao palikuwa na shamba, na mwanamke aliyekuwa akipalilia maharagwe alikuwa ameegemea jembe lake, akitutazama.

"Njia iko pale," alituambia, akionyesha kijia kipana kilichopanda upande wa nyuma. "Hata batoto banapitaka pale."

Tulimshukuru. Alitikisa kichwa, akarudi kwenye maharagwe yake.

Mzee alikuwa akifungua vyuma kwenye mkanda wake, kimoja kimoja, na kuvipanga kwenye nyasi. Kisha akaniambia mimi, moja kwa moja, bila kumtazama msemaji yeyote:

"Rafiki yako amenielezea. Vyuma vilikuwa vya kukuchunga weye."

"Ndiyo, Papa."

"Uliniona niko navitoa. Ulijua ni mubaya?"

"Nilijua, Papa."

"Kisha ukaniambia asante."

"Ilikuwa ni heshima, Papa."

Aliweka chuma kingine kwenye nyasi. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mutoto wangu akiwa kwako," alisema, "siku moja mimi nitapiga simu, nitasema aje Butembo, mama yake anamutaka. Na siku ile barabara itakuwa mubaya. Weye utaniambia nini? Utaniambia asante, Papa, na utamupandisha gari?"

Nilitazama vyuma vilivyopangwa kwenye nyasi.

"Kila ukifika kwangu nakuuliza Beni iko namna gani. Unaniambia iko muzuri, Papa. Hata wiki ile batu bote balikuwa banalia, uliniambia iko muzuri. Mimi nasikilizaka radio. Leo nakuuliza tena. Beni iko namna gani?"

Rafiki yangu alifungua mdomo wake wa kuuza miavuli. Mzee alimwinulia kiganja, akaufunga.

"Papa, sijui," nilisema. "Kuna mwezi inapita muzuri, watu wanalima, soko inajaa, mpaka unasahau. Kisha kuna usiku nalalaka na viatu. Naogopa. Nikimuwaza yeye pale, naogopa mara mbili. Lakini kazi yangu iko pale, na batu bangu, na sijui kuishi pengine."



"Mimi pia naogopa," alisema mzee. "Njo maana nilikuwa siwezi kujibu. Nilikuwa napatia mutoto mutu mwenye haniambiake kitu." Akapangusa chuma cha mwisho kwa kidole gumba. "Basi sikiliza. Siku ikiharibika, umutume kwangu mara moja. Umupandishe pikipiki, aje."

Neno lile la kawaida lilikuwa tayari ulimini. Nililirudisha ndani.

"Hapana, Papa. Kumutuma peke yake kwa barabara, hapana. Kama ni kutoka, nitatoka naye."

Rafiki yangu alinitazama kana kwamba nimejifungua kamba ukingoni. Mzee alikusanya vyuma, akanipa mimi, vyote, mikononi. Kisha akajiinua, akakung'uta suruali, akarekebisha kofia ngumu iliyompindia upande, na akamgeukia msemaji wangu akiwa amenyooka kama yuko sebuleni kwake.

"Umesikia? Kijana amenikatalia, mara mbili siku moja. Donc upeleke jibu kwao. Uwaambie baba ya mutoto amekubali."

Nililia pale pale, kofia kichwani, vyuma vikilia mikononi mwangu, wala sikujali mwanamke wa maharagwe. Rafiki yangu alikohoa, akasogea hatua moja kuja kwangu, akaanza kunitolea lile jibu rasmi, neno kwa neno, kana kwamba mimi sikuwepo. Nilimwacha amalize, kwa sababu nilitaka kulisikia mara ya pili.